Kunguru Walionijua Sura

Nilipofika Dubai nilikuwa mtu wa njiwa. Kampuni yetu iliua mende na kunguni, na wachache wetu tulipewa kazi ya kufukuza njiwa kwenye varanda za watu. Asubuhi moja msimamizi akaniuliza kama nimewahi kushika bunduki. Nikamwambia ndiyo. Kusema kweli nilichowahi kushika ni manati, kule Mombasa, na windo langu kubwa lilikuwa taa ya jirani.

Wakanifunza wiki nzima kulenga makopo kwa bunduki ya upepo, wakanipa kibali chenye mihuri, kisha gari la kampuni likanitoa Muhaisnah, kwenye kambi ya wafanyakazi, na kunipeleka hadi lami ikaisha. Shamba lilikuwa peke yake katikati ya jangwa: mitende, zizi la mbuzi, banda la kuku, na kelele za kunguru. Kunguru hao si wa huko. Walidandia meli kutoka India, wakazaana, na sasa walikula mayai na makinda ya ndege wenyeji, hata chozi, wale ndege wadogo wafyonza maua, hawakusazwa.

Mwenye shamba tulimwita arbab. Nyumba yake ilikuwa mjini, Mirdif, lakini mama yake, bibi mzee aliyezaliwa Unguja, alipenda kukaa shambani na kuku wake.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba! Kumbe Mswahili? Alhamdulillahi. Wenzako wote nazungumza nao kwa mikono." Akanyoosha kidole kwenye mitende. "Hao walitumalizia vifaranga Unguja. Nimevuka bahari, nao wakavuka."

Siku ile nilimpata mmoja. Alianguka kama kitambaa, na papo hapo wenzake wakakusanyika juu yake, wakazunguka wakilia. Sikutarajia. Nilishusha bunduki, nikasimama kama mtu aliyeingia kwenye msiba wa watu asiowajua.

Tangu hapo wakanijua. Gari la kampuni likitimua vumbi tu, wote wanahamia kwenye kilima cha mchanga ng'ambo ya ua, mahali risasi yangu haifiki. Nikiondoka, wanarudi. Nilibadili kofia, nikavua sare, nikavaa kikoi. Wapi! Siku tatu nilirudi kambini mikono mitupu.

"Wee baba," bibi akaniuliza kutoka barazani, "umekuja kuwapiga au kuwapungia mkono?"

Lakini yeye alipotoka na bakuli la mtama, kunguru walishuka hadi miguuni pake, wakagombania punje na kuku. Akawatazama, akanitazama mimi, kisha akaingia ndani na kurudi na buibui jeusi na ushungi.

"Vaa."

"Astaghfirullah, bibi!"

"Astaghfirullah ya nini? Nguo tu hiyo. Khalas, vaa."

Nikavaa. Buibui liliniishia chini kidogo ya magoti, viatu vya kazi vikabaki nje. Nikakaa kwenye kibao mbele ya banda, bunduki mapajani chini ya nguo, nikawa nawatupia mtama kwa mkono wa kushoto. Nao wakaja. Kufikia adhuhuri nilikuwa nimewapata wanne, na nilikuwa namlenga wa tano aliyetua kwenye ukuta, pumzi nimeibana.

Ndipo mikono miwili ikanishika mabegani kwa upole. Mtu akainama nyuma yangu, akanisalimia kwa Kiarabu, akanibusu utosini.

Nikageuka taratibu. Alikuwa arbab.

"Sir," nikasema, "ni mimi. Mtu wa kunguru."

Aliruka nyuma hadi akakanyaga bakuli la maji ya kuku. Akatazama ndevu zangu, bunduki, viatu. Mimi kichwani nilikuwa nimeshafunga begi na kupanda ndege ya kurudi nyumbani. Mara tukasikia kicheko barazani: bibi alikuwa ameshika nguzo, machozi yanamtoka, hawezi hata kueleza. Alipopata sauti, akamwambia mwanawe kwa Kiarabu jambo refu.

Arbab akakung'uta maji kwenye kanzu yake. "Wangapi?" akaniuliza.

"Wanne, sir."

"Yalla, endelea." Akaenda zake, ila mchana ule tulipokula wali wa nazi aliopika bibi, hakuthubutu kunitazama usoni.

Wiki iliyofuata kunguru wakaing'amua na ile hila. Walianza kukimbia kila buibui, hata la mwenyewe. Bibi akitokeza mlangoni tu, mitende yote inabaki mitupu, na vifaranga wanatoka kutembea. Alilalamika kwamba amepoteza hadhira yake, lakini alikuwa akitoka mara kumi kwa siku, polepole, kifua mbele.

Msimamizi akanitaka niandike ripoti ya mbinu niliyotumia. Niliandika mstari mmoja: nilijificha vizuri.