Sauti ya Kaka Niliyoifungia Ndani ya Laptop

Niliifunga laptop ya marehemu kaka yangu isifunguke tena, kwa sababu nilitaka kucheza mpira wa kwenye simu kwenye kioo kikubwa. Nimesema hivyo kwa ufupi ili msije mkadhani palikuwa na sababu ya maana.

Majina nimebadilisha. Huku Mchinga ni padogo, na mimi ni mtu wa ndani. Vijana wa kijiweni wananiita mwali, eti nasubiri kutolewa. Sikatai. Mtu mwenye kidato cha nne, kiti cha plastiki na bando la intaneti, atoke aende wapi?

Kaka alifariki mwaka jana kwa ajali ya barabarani. Mkewe, shemeji yangu Mwanahawa, na binti yao mdogo Nuru, naishi nao nyumba moja. Enzi za uhai wake kaka alisafiri sana kikazi, kwa hiyo alikuwa akijirekodi kwenye laptop yake akimsimulia mtoto hadithi, ili asipokuwepo mtoto asikilize kabla ya kulala. Alipoondoka moja kwa moja, zile sauti zikabaki.

Kila baada ya magharibi Nuru alikuwa anakuja kwangu. "Ba'mdogo, washa Baba."

Nami namwasha. Sauti ileile, na kikohozi chake, na nyuma yake shemeji anasikika kwa mbali akiita watu waje kula. Shemeji alikuwa akisikiliza kutokea jikoni, akijifanya anatafuta mwiko.

Simu yake ni ya vitufe. Aliniomba zaidi ya mara moja nizihamishie zile sauti kwenye flashi zisije zikapotea. Nilikuwa na jibu langu moja: "Kesho, shemeji." Flashi yenyewe nilikuwa nayo, nimeijaza muziki.

Basi simu yangu ikapasuka kioo. Nikasoma kwamba ipo programu inayotengeneza simu ndani ya laptop, ukacheza humo michezo yote ya simu. Nikaipakua. Ikagoma. Ikaniambia virtualization haijawashwa, yaani ule uwezo wa mashine moja kubeba mashine nyingine tumboni, na kwamba nikauwashe kwenye BIOS. BIOS ni ile menyu ya herufi kavu inayotokea ukiwahi kubonyeza kitufe kabla laptop haijawaka sawasawa.

Nikaingia. Kwenye video za watu menyu ni ndefu, unachagua. Ya kwetu ilikuwa kama mgahawa wa stendi jioni: kila unachouliza, kimekwisha. Kuna saa, kuna neno la siri, kuna mpangilio wa kuwaka, basi. Virtualization haipo.

Mwenye akili angefunga akaenda kula. Mimi nikashuka kwenye maoni ya chini ya video. Mmoja kaandika kwamba kwa laptop zenye menyu fupi, weka kwanza neno la siri la msimamizi, mistari iliyofichwa itafunguka. Halafu futa kitu kinaitwa TPM, na unachokitafuta kitajitokeza.

Nikaweka neno la siri. Kweli, mistari mipya ikaonekana. Nikajiona injinia. Nikafika penye kufuta. Mashine ikaniuliza kwa Kiingereza: funguo zote za usalama zitapotea, uendelee?

Kisingizio cha lugha sina. Kila neno nililielewa. Nikajisemea, funguo gani, laptop yenyewe hata mfuko wake hauna zipu. Nikabonyeza Yes.

Ikawaka na kioo cha bluu, ikidai ufunguo wa kurejesha, tarakimu nyingi kama mchele uliomwagika. Kumbe diski yote ilikuwa imefungwa tangu ilipotoka dukani, na kilichokuwa kikiifungua kimyakimya kila siku ndicho nilichokifuta. Tulikuwa tunaingia na kutoka bila kujua kwamba pana mlango.

Nakala ya ufunguo ipo kwenye akaunti ya kaka mtandaoni. Neno la siri la akaunti kaenda nalo. Nikachagua "nimesahau", wakasema watatuma namba kwenye simu yake ya enzi za chuo, laini iliyokufa kabla yake. Niliipiga hata hivyo. Sijui nilitegemea nani apokee.

Na ile virtualization haikujitokeza. Baadaye, kwa simu ya kuazima, nikarudi kwenye yale maoni. Chini yake tu, mtu mwingine kaandika: kabla hujagusa BIOS, fungua Task Manager, tazama sehemu ya Performance kama virtualization imewashwa; kwenye laptop nyingi za menyu fupi huwa imewashwa tangu kiwandani, kinachobaki ni kuweka tiki ndani ya Windows. Mimi sikushuka hadi hapo. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza.

Fundi wa Lindi aliiangalia akasema anaweza kuifuta yote ianze upya. Nikaipakata, nikarudi nayo.

Shemeji nilimwambia ni betri.

Sasa Nuru anajisimulia mwenyewe. Anaipenda ile ya kaa aliyekwenda mjini kununua viatu. Akifika dukani anakwama, ananigeukia. "Ba'mdogo, muuza duka alimwambiaje?"

"Alimwambia nenda zako peku."

"Siyo hivyo."

"Alimwambia viatu vya kaa vimekwisha."

"Baba hakusema hivyo."

Nimeisikia hadithi hiyo jioni zisizo na idadi, huku macho yangu yako kwenye simu. Sikumbuki. Najilaza nasikia kile kikohozi, nasikia mpaka anapovuta pumzi aseme muuza duka alisema nini, na hapo panakatika.

Juzi shemeji kaja amefurahi. Kaka yake wa Mtama kapata betri inayoingia kwenye laptop ile, iko njiani inakuja.

Wewe unayesoma, ukitaka virtualization, anzia Task Manager. Ukiona menyu ya BIOS ni fupi, iheshimu ufupi wake. Tafuta ufunguo wa kurejesha wa diski, uandike karatasini kabla hujafuta chochote. Na kama humo mna sauti ya mtu, na mfiwa kakuomba uihamishe, ihamishe kabla hujakaa chini.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea jirani yetu Bi Somoe, aliyekuja kuazima kinu. Nilitaka mtu mzima aniambie kama inafaa kutumwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Hao unaowaandikia hukuwakosea kitu," akasema. "Mwanahawa yuko uani anamsuka mtoto. Nyanyuka."