Hodi Kwenye Mashine ya Katani

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu ni ile ambayo mashine zetu zilianza kupima hewa zenyewe. Nilikuwa kibarua katika kiwanda cha katani, upande huu wa Kilifi, nikishindilia marobota. Mashine zilikuwa mbili, zikitumia hewa ya mtungi mmoja. Zikishuka pamoja, hewa hupungua na bamba la chuma linaloshindilia katani hukwama njiani. Basi tulikuwa na ada yetu: anayetaka kushusha hupiga hodi kwa sauti, na wenzake tukiwa tayari humjibu, "Pita." Wageni walitucheka kwa kuvibishia hodi vyuma.

Akaja fundi kutoka Malindi, akaifungia kila mashine kidhibiti chake, kidude cha shaba chenye mshale wa kuonyesha nguvu ya hewa. Hewa ikipungua, pampu hujiwasha, ikitosha, hujizima. Nisimsingizie fundi yule, kazi yake ilikuwa safi. Mwenzangu Nyale, aliyeshika kishikio cha mashine yetu, alifurahi. Sasa hodi ya nini?

Asubuhi ileile akashusha kimya. Mimi nilikuwa napanga katani kwenye pembe za sanduku la mashine, mikono ndani chini ya bamba, nikiingoja hodi niliyoizoea. Tazama mkono wangu wa kushoto. Vidole viwili vilibaki kule.

Msimamizi wetu, Mzee Kazungu, alikuja kunitazama hospitalini. Nikamwamkia shikamoo, nikitaraji pole. Marahaba aliitikia, pole akaichelewesha. Alisema Nyale ameshakaripiwa, sasa ni zamu yangu.

"Ile hodi ilikuwa ya hewa, na ilikuwa ya mikono pia. Mwenzio kaacha kuipiga, nawe ukanyamaza. Ulipoona kimya, mbona hukuitoa mikono ukauliza?"

Nilimchukia, mwanangu, sikufichi. Labda aliona mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Miaka ilipita kabla hasira haijanitoka.

Sikuambii mwacha mila ni mtumwa. Vidude vipya na vifungwe, vina faida yake. Nasaha yangu ni kwamba kabla hujaiacha ada ya zamani, uulize ilikuwa ikifanya kazi gani nyingine. Na ukimya usiouelewa usiutilie mikono. Nyale na mimi tuliendelea pamoja hadi tulipostaafu, naye hakushusha tena bila hodi, wala mimi sikuacha kumjibu.

Mungu akutangulie kazini, mwanangu, na kila jioni akurudishe kwa mamako na vidole vyako vyote kumi.