Uso wa Mama kwa Mzee Mkorea

Nilipokuwa na miaka kumi, mimi ndiye niliyekuwa Kiingereza cha mama. Yeye alikuja na Kiswahili chake cha Lubumbashi na Kifaransa kidogo, akasuka nywele za watu pale Joubert Park, katika jiji hili la ugenini, mwaka baada ya mwaka. Mambo ya benki, ya shule na ya hospitali yote yalipita mdomoni mwangu.

Mwaka ule miguu ilianza kumvimba, na chini ya macho pakawa peusi. Jirani akamwambia kuna mzee Mkorea kule Braamfontein, mganga wa mitishamba, anayesoma ugonjwa usoni bila mashine. Siku ya kwenda mama aliamka mapema kujipamba, maana kwetu huendi kwa mganga na uso mtupu kama mtu aliyeshindwa na maisha. Alipaka krimu yake ya kujichubua, juu yake poda, kisha rangi ya midomo. Ile krimu ilikuwa siri ya nyumba. Nilishaonywa kwamba nikiitaja nje nitachapwa mpaka nisahau jina langu.

Mzee alimsogeza dirishani, akamtazama. Akamshika mikono, akaviangalia vifundo vya vidole vilivyobaki vyeusi. Kisha akanigeukia, akasema polepole ili nielewe: uso una rangi tano, na kila moja ina kiungo chake ndani ya mwili. Weusi wa chini ya macho ni wa figo.

"Lakini uso huu umefichwa," alisema. "Muulize anapaka nini. Aache, na kesho aje ameunawa."

Mama alikuwa ananitazama.

"Ni sabuni tu," nilimwambia mzee.

"Furaha, anasema nini?" mama akauliza.

"Anasema umechoka. Upumzike."

"Ile nayo ni dawa? Kuchoka, miye nilijua kitambo."

Tukatoka na pakiti ya mizizi ya kuchemsha. Njiani alinunua kopo kubwa zaidi la krimu, ili autoe ule weusi. Mimi ndiye niliyembebea mfuko.

Kabla mwaka haujaisha alilazwa. Daktari wa hospitali, na mashine zake zote, alisema ni figo, kisha akauliza mama anapaka nini. Alisema zebaki iliyomo kwenye krimu za namna ile huziua figo. Safari hii nilitafsiri kila neno. Mama akageukia ukutani.

Sijui kama rangi tano za yule mzee ni elimu au ni imani tu. Najua kwamba aliona mapema, na maneno yake yakaishia kwangu. Watu hunifariji kuwa nilikuwa mtoto. Wananichosha. Mtoto huyo alijua Kiingereza kuliko wote nyumbani.

Msibani wamama wa kanisa walimpaka poda ndani ya jeneza, wakamsifu alivyong'aa. Mzee mmoja wa kwetu akatikisa kichwa, akasema mficha maradhi kilio humfichua. Watu wakaitikia, wakijua anamsema mama. Niliitikia nao, na mpaka leo sijamwambia mtu ni nani aliyeficha.