Simba Mwenye Kucha Nje

Mjini kwetu watu wananiita Bwana Simba. Mgeni akilisikia jina hilo hutazamia mtu wa kifua kipana, halafu nikijitokeza mimi na miguu yangu myembamba, huchungulia nyuma yangu kuona kama Bwana Simba mwenyewe anakuja. Sijawahi kuwinda simba wala kufuga simba. Mpaka nywele zinaanza kunitoka nilikuwa sijamwona hata mmoja anayepumua. Kazi yangu ni kumtunza simba aliyekufa.

Yuko katika chumba kilicho nyuma ya ofisi za mji, ambacho kwa heshima kinaitwa makumbusho. Humo mna vyungu vyenye nyufa, mkuki usio na mpini, picha za watu ambao hakuna anayewakumbuka, na katikati, juu ya jukwaa la mbao, simba. Mbele yake kuna kibao kilichoandikwa SIMBA WA MWISHO. Aliuawa enzi za babu zetu, na kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyejua kazi ya kukausha wanyama, ngozi yake ilipelekwa kwa fundi wa makochi. Fundi akafanya kile alichokijua. Akamjaza sufi mpaka akanona kama kochi jipya, akamtia macho ya gololi, moja kubwa kuliko lingine, na ili atishe, akazivuta kucha zote nje na kuzigandisha kwa gundi. Ndivyo alivyosimama miaka yote hiyo, kucha nje, uso wa mtu aliyeulizwa swali gumu.

Kazi hii niliipata baada ya kushindwa nyingine. Nilijaribu ushonaji, nikamshonea mteja suruali ambayo miguu yote miwili ilielekea kushoto. Nikajaribu udereva, nikaacha siku ukuta wa shule ulipoingia barabarani bila kutoa ishara. Mwishowe mkubwa mmoja wa ofisi za mji, kwa kuchoshwa na maombi ya dada yangu, akanikabidhi ufunguo wa makumbusho kwa muda, huku wakitafuta mtu anayefaa. Wanaendelea kutafuta mpaka leo.

Huyo dada yangu ndiye aliyenilea. Wazazi walipotutoka yeye alikuwa msichana mkubwa na mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Sasa ni mjane, anaishi pembeni ya mji, shamba linapoishia na vichaka kuanza, na riziki yake ni ng'ombe mmoja wa maziwa. Anamkamua, anauza, anakula. Ng'ombe huyo akikosekana, dada yangu hana kitu kingine. Nalitaja hili mapema ili mjue nilikuwa nachezea nini.

Basi, nikawa mtu wa makumbusho. Panya walipotafuna mshono wa mguu wa mbele wa simba mpaka ukachomoka, mtu mwingine angelia. Mimi niliona neema. Nikautia mguu ule katika mfuko wa viatu na kuanza kuzunguka nao shuleni. Nilibeba sinia la udongo mbichi, nikaugandamiza mguu juu yake, na watoto wakauona unyayo wa simba, na mbele ya kila kidole alama ya ukucha, kali na safi. Nikawatungia na kibwagizo: "Ukiona kucha, kimbia, usipoziona, tulia." Wakakiimba. Wasichana walikirukia kamba. Watoto wale wakakua, wakaoa, wakaolewa, wakawafundisha watoto wao. Nilinguruma pia. Kunguruma nilijifunza kwa lori la jirani lililokuwa gumu kuwaka asubuhi.

Sikuona hatari yoyote katika elimu hiyo. Kumfundisha mtu habari za simba mahali pasipo na simba ni kazi salama kuliko zote.

Kisha simba wakarudi. Hawakurudi kwa kishindo. Watu walikuwa wameacha kulima kule vilimani, vijana wameshuka kutafuta kazi, mashamba yakageuka vichaka. Vichaka vikaleta swala na nguruwe pori, na asubuhi moja watu wa pembeni ya mji wakasikia sauti ambayo hakuna aliye hai aliyewahi kuisikia huku kwetu. Walikuja kuniuliza mimi. Nikawauliza ilikuwaje, wakaiigiza, nikawaambia kwamba simba hangurumi hivyo, na nikawangurumia inavyotakiwa. Wakaondoka wametulia. Lile lilikuwa lori, wakasema.

Nisidanganye, nilifurahi. Makumbusho yakajaa. Redio ya mji ikanialika. Nikanunua koti la kaki lenye mifuko mingi, ingawa sikuwa na kitu cha kutia hata katika mfuko wa kwanza. Nikitembea sokoni nilisikia nyuma yangu, "Huyo ndiye anayewajua," nami nikapunguza mwendo ili wanione vizuri.

Ndipo dada akanipigia simu. "Njoo uangalie kitu huku zizini," akasema.

Nilifika nimevaa koti. Kuzunguka zizi, kwenye udongo laini wa umande, kulikuwa na nyayo pana kama sahani. Nikapiga magoti, nikakunja uso, nikanusa udongo bila kujua nanusa nini. Nikatafuta kucha. Hakukuwa na alama ya ukucha hata mmoja.

"Mbwa," nikasema.

"Mbwa?" Dada aliutazama unyayo, akanitazama mimi. "Mbwa wa ukubwa huu?"

"Mbwa mkubwa, dada."

"Na mbwa si ana kucha, mdogo wangu?"

Hapo mtu mwenye akili angesimama kidogo afikirie. Mimi nilikuwa na koti. "Ni mbwa wa watu wenye pesa," nikamwambia. "Hao hukatwa kucha."

"Haya," akasema. "Ingia unywe chai." Nikaingia nikanywa, na nikarudi zangu nikijiona nimeokoa familia kutoka kwenye hofu za bure.

Siku chache baadaye akaja afisa wa wanyamapori, msichana mrefu mwenye buti zilizojaa matope. Alinisalimia kwa heshima kubwa, akaniita mwalimu. Kumbe alikuwa mmoja wa watoto wangu wa sinia la udongo. "Nilisomea wanyama kwa ajili yako," akaniambia, na kichwa kikaanza kunivimba. "Ila chuoni nilichekwa sana kwa ajili yako vilevile."

"Kwa nini?"

Alienda kwa simba, akainama kwenye mguu wa mbele uliobaki na kuugusa ukucha. "Mwalimu, simba akitembea hutoa kucha?"

"Si unaziona?"

"Hizi zimetiwa gundi." Alisema kwa upole, kama anayempa mtu habari za msiba. "Simba akitembea kucha zake huwa ndani, kama paka. Unyayo wake hauna alama ya kucha. Wenye kucha ni mbwa na fisi. Nilibishana na mwalimu wangu wa chuo mbele ya darasa zima mpaka akaniletea picha."

Mlangoni kwangu nyumbani kuna kizingiti cha sementi. Ilipokuwa bado mbichi, paka wetu alipita juu yake, na nyayo zake zikabaki hapo, duara nne ndogo na moja kubwa, bila ukucha. Nimeviruka vinyayo hivyo kila asubuhi ya maisha yangu ya ndoa nikielekea kufundisha watu habari za nyayo. Nilitamani kuvua koti, lakini ndani nilikuwa nimevaa shati lililochanika.

"Shida ni hii," afisa akaendelea. "Nimezunguka kule pembeni kuwaambia watu wafunge mifugo ndani. Simba wapo, na wana watoto. Nikiwaonyesha nyayo, wananicheka. Wanasema hizo hazina kucha, Bwana Simba ametufundisha. Wananiimbia kile kibwagizo. Mbwa wa muuza mkaa, ambaye nyayo zake zina kucha, ndiye amefukuzwa kwa mawe mpaka hana pa kulala. Mimi hawanisikilizi. Inabidi uwaambie wewe."

Nikakaa kwenye ukingo wa jukwaa. Niwaambie nini? Kwamba mtu waliyempa jina la simba hakumjua hata paka? Bila jina hilo mimi ni nani, zaidi ya mtu mwenye ufunguo wa chumba chenye vumbi? Nikatafuta njia ya pembeni.

"Hatuwezi kusema," nikamuuliza, "kwamba simba wa siku hizi wamebadilika? Kwamba wa zamani walitembea kucha nje, na hawa wapya wana mtindo wao?"

Aliniangalia tu, kama wanafunzi wanavyomwangalia mwalimu aliyekosea hesabu ubaoni, wakingoja aone mwenyewe. Na hapo ndipo nilipokumbuka zizi. Nyayo pana kama sahani, zikizunguka, zikizunguka, na mimi nimepiga magoti nikisema mbwa.

Nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Nilichukua baiskeli ya karani wa ofisi za mji bila kumwomba na kuelekea pembeni ya mji, mifuko yote ya koti ikipepea. Jua la alasiri lilikuwa usoni. Njiani watu walinipungia mkono, "Bwana Simba, kwema?" nami sikuwa na pumzi ya kumjibu hata mmoja. Nilikuwa nikipanga maneno ya kumwambia dada, na kila nililolipanga lilianza na neno "lakini".

Zizi lilikuwa tupu. Lango wazi, kamba imelala chini, nyayo mpya juu ya nyayo za zamani. Upande wa nyumba, chini ya upenu, makochi ya sebuleni yalikuwa yamepangwa nje na kufunikwa turubai. Nikafikiri ameyatoa kwa ajili ya watu watakaokuja kumpa pole. Nikakaa palepale chini, juu ya samadi, nikalia. Nililia kwa sauti, mtu mzima na koti langu, nikimwomba dada msamaha, nikijiita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

"Nani anamliza mtu zizini kwangu?"

Dada alikuwa mlangoni, ameshika ndoo ya maziwa. Nyuma yake, ndani, kitu kikubwa kilikohoa. Ng'ombe akatoa kichwa nje kwa juu ya bega lake, akitafuna, na kunitazama.

"Yuko sebuleni," dada akasema. "Inuka, umekaa kwenye mavi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliposema ni mbwa aliyekatwa kucha. Ulipomaliza chai na kuondoka, nikaanza kutoa makochi. Wamekuja usiku baada ya usiku, wanazunguka, wanaondoka. Mlango ni wa mbao ngumu."

Nikainuka. Nilitakiwa kufurahi, na nilifurahi, Mungu ni shahidi, lakini kuna kitu kingine kilichonichoma. "Kwa hiyo hukuniamini."

"Mdogo wangu, mimi nimekulea. Najua sauti yako unapojua kitu, na najua sauti yako usipojua." Aliweka ndoo chini. "Ile ya pili ndiyo nimeisikia zaidi."

"Mbona hukuniambia?"

Alifikiri. Sikumwona akicheka, na afadhali angecheka. "Ulikuwa umefurahi," akasema. "Umehangaika sana kupata kitu cha kuringia. Nikaona, mimi nitafunga mlango wangu, na yeye tumwachie koti lake."

Nikamweleza yote, gundi, kucha, afisa, mbwa wa muuza mkaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akanifuta samadi mgongoni kwa kitambaa kilekile anachofungia ndoo, kwa nguvu, kama alivyonisugua utotoni.

"Sawa," akasema. "Mimi sijawahi kukuamini, kwa hiyo sina shida. Nenda kwa wanaokuamini, kabla giza halijaingia."

Nyumba ya karibu ni ya fundi baiskeli. Huyo nilimfundisha akiwa darasa la kwanza, alikuwa akikaa mbele kabisa, na ndiye aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote kwenye kibwagizo. Nilibisha hodi. Alitoka akifuta grisi mikononi, akaniona, uso wote ukamchangamka, na kabla sijafungua mdomo akamwita mwanawe mdogo aje kumwamkia mwalimu. Mtoto akaja mbio kutoka nyuma ya nyumba, ambako mbuzi wao wote walikuwa nje, bado hawajafungiwa. Nikavua koti, ndipo nikafungua mdomo.