Aliyesoma Kutoka Ng'ambo ya Meza

Mdogo wangu Yihya alikuwa msomaji hodari. Naliweka hilo mbele kabisa, kwa sababu hapa Rehovot, nchini Israeli, wanaomkumbuka wanamkumbuka kama yule Myemeni aliyeshika kitabu juu chini mbele za watu, na mimi dada mtu nimechoka kunyamaza.

Kijijini kwetu Yemeni chuo cha sisi Wayahudi kilikuwa chumba kimoja cha udongo na kitabu kimoja cha Torati. Kimoja tu. Mori Sliman, mwalimu wa kijiji, alikiweka juu ya kigoda, wavulana wakakizunguka kama watu wanaokula sinia moja. Mtoto wa mfua fedha alikaa mbele ya kitabu, kwa kuwa baba yake ndiye aliyekinunua. Wengine walikaa ubavuni. Yihya, yatima wa mshona viatu, alikalishwa upande wa juu, ambako herufi zote zimesimama kwa vichwa. Hapo ndipo alipojifunzia, na bakora ya Mori Sliman haikumuuliza mtu amekaa upande gani. Akawa anasoma kama maji ya mteremko, ila sharti kitabu kimgeukie juu chini. Ukimwekea sawa kama wasomavyo watu, alikikodolea macho asione neno. Mimi nilikuwa msichana, sikukalishwa upande wowote.

Wala halikuwa jambo la aibu. Kwetu sisi anayeitwa kwenye Torati sinagogini siku ya Sabato husoma fungu lake mwenyewe, hasomewi. Yihya akiitwa alizunguka meza, akasimama ng'ambo na kusoma kutoka huko. Salem mfinyanzi yeye alisomea ubavuni, shingo kaipinda kama kuku aliyesikia mwewe. Hakuna aliyecheka, kila mtu alijua chuo chetu kilikuwaje. Tulipohamia Israeli tukajenga sinagogi letu la mabati mtaa wa Shaarayim, na humo pia Yihya alikuwa na nafasi yake ng'ambo ya meza. Watu walimpisha bila kuambiwa.

Mkewe alifariki tukiwa bado kwenye mahema ya kambi ya wahamiaji, akaacha mtoto wa kike mchanga, Hamama. Mimi mjane nikahamia kwa ndugu yangu nikamlea mtoto. Mchana Yihya alichuma machungwa kwenye mashamba ya watu. Ijumaa jioni, Sabato ikishaingia, baada ya chakula, alikaa mezani na binti yake, kitabu katikati, yeye huku na mtoto kule. Herufi zilimkabili mtoto sawasawa, na baba akazisoma kutoka upande wake wa zamani. Sijaona watu wawili wakielewana juu ya kitabu namna ile.

"Yihya," nikamwambia, "unamfundisha msichana? Mori Sliman atapinduka kaburini."

"Acha apinduke, dada. Huenda akaziona herufi kama ninavyoziona mimi."

Basi Hamama akaingia shule ya dini ya mjini akijua kusoma, kati ya watoto ambao wengi wazazi wao walitoka Ulaya. Mwalimu wake, Yehudit, alikuwa mwanamke mpole, nami simwombei mabaya. Lakini siku ya kwanza tu alimbadilisha mtoto jina, akamwita Yona. Eti Hamama kwa Kiarabu na Yona kwa Kiebrania yote ni njiwa. Labda Yona ndiye njiwa wa mjini.

Mwaka ule wa kwanza ulipokaribia kwisha, shule iliandaa sherehe ya kitabu cha sala. Kila mtoto hupewa kitabu chake kipya, kisha yeye na baba yake hukisoma pamoja mbele ya wazazi wote. Hamama hakuwa na habari nyingine nyumbani.

"Baba, utakuja?"

"Nitakuja."

"Dina wa darasa letu anasema watu wa Shaarayim hawajui kusoma. Mama yake kamwambia. Nimemwambia baba yangu anasoma kumshinda baba yake!"

"Umesema hivyo?" Yihya akacheka, lakini niliona alivyofurahi. "Basi umenitafutia vita, mwanangu."

"Kasema, haya, tutamsikia."

Siku yenyewe alirudi mapema kutoka shambani. Alisugua kucha kwa jivu mpaka weusi wa machungwa ukatoka, akavaa koti lake la Sabato. Njiani Hamama alimshika mkono akimvuta kama mbuzi wa sikukuu, na kila tuliyekutana naye alimwambia, "Baba anakwenda kusoma."

Ukumbini palikuwa na meza ndogo mbele, na nyuma yake viti viwili vimewekwa sambamba. Nilipoviona tu nikajua ndugu yangu hakuwekewa ng'ambo ya kukalia. Akina baba waliotangulia walikaa hapo bega kwa bega na watoto wao, wakasoma, wakapigiwa makofi. Ilipofika zamu yetu, Yihya alikiinua kiti kimoja akakihamishia upande wa pili wa meza, mgongo kwa watu.

"Hapana, Baba Yona," mwalimu akamwambia kwa tabasamu. "Kaa karibu na mtoto, watu wawaone."

"Mimi hukaa hapa."

"Njoo tu, usiogope."

Akarudi. Akaketi pembeni ya binti yake. Hamama akafungua kitabu kipya, na Yihya, kwa mazoea ya maisha yake yote, akakishika na kukigeuza juu chini.

Ikatoka sauti ya mtoto: "Kakishika juu chini!" Ukumbi ukaangua kicheko. Baba mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu alisomea chuo cha popo," na mkewe akamfinya huku naye anacheka. Nikageuka nikamwambia, "Popo mama yako," lakini nani angenisikia katika kelele zile?

Yihya alikuwa ameshafungua kinywa. Maneno yale alikuwa akiyasema kila asubuhi tangu utotoni, angeweza kuyasema hata akiamshwa usingizini. Hapo Hamama akanyoosha mkono akampokonya kitabu, akakigeuza upesi upesi, kama mtu anayefunika chungu kilichoungua. Na kinywa cha baba yake kikafumba. Aibu ikikushika haikuulizi unajua au hujui.

"Si kitu, Baba Yona," mwalimu akasema, na upole wake ndio uliozidi kuniunguza. "Wengi wenu huko mlikotoka hamkubahatika. Ndiyo maana watoto wenu wako hapa." Akamwinamia mtoto. "Baba hajui kusoma, sivyo, mpenzi? Utasoma mwenyewe?"

Hamama aliutazama ukumbi. Alimtazama Dina, aliyekaa safu ya mbele. Kisha akaitikia kwa kichwa.

Akasoma. Alisoma vizuri kuliko wote, bila kukwama hata mara moja, kwa lafudhi ya baba yake. Wakampigia makofi mengi. Yihya naye alipiga makofi, ameketi palepale kwenye kiti kidogo, koti limemkaa vibaya mabegani.

Tulirudi nyumbani. Hamama alikibana kitabu kwapani na kutembea nyuma yetu. Hakumshika mtu mkono. Tulipoingia ndani nilishindwa kuvumilia.

"Hamama, nani alikufundisha kusoma?"

Akazidi kukibana kitabu kwapani.

"Nakuuliza wewe! Nani?"

"Dada, mwache mtoto," Yihya akasema.

"Simwachi! Kaulizwa mbele za watu, kaitikia! Mkono huo huo uliofundishwa na wewe ndio uliokunyang'anya kitabu!"

"Mwache, nimesema. Ni mtoto, watu walikuwa wanacheka." Akavua koti akalitundika. "Hata mimi ningeitikia."

Chuoni kwetu, hata mimi niliyekuwa nikisikilizia mlangoni nilikisikia kile walichofundishwa wavulana: anayemwaibisha mwenzake mbele za watu ni kama amemwaga damu. Siku ile sikujua nimhesabie nani damu ile. Nyuso zote mbili, ya baba na ya binti, zilikuwa nyeupe, zimekimbiwa na damu.

Ijumaa ikafika. Tulikula mkate wetu na uwatu na pilipili ya kusaga, hakuna aliyesifia wala kulaumu. Nilipoondoa sahani Hamama alikaa mahali pake, akaweka kitabu katikati kikimkabili, akasubiri. Nilijua alikuwa ameandaa neno la kusema. Midomo ilikuwa ikimcheza. Yihya hakukaa mahali pake. Alizunguka meza, akavuta kigoda, akaketi bega kwa bega na binti yake.

"Sogea kidogo," akamwambia. Akaweka kidole chini ya herufi ya kwanza ya ukurasa. "Mimi sijawahi kukaa upande huu. Hii ni nini?"

"Baba, unaijua."

"Nifundishe."

"Alefu, Baba," Hamama akasema, na machozi yakamdondoka mezani.

"Alefu," Yihya akaitikia, kama mtoto aliyepelekwa chuo asubuhi ile. Nikakimbilia jikoni kupangua na kupanga vyombo vya kupikia, ambavyo siku ya Sabato haviguswi.

Alijifunza kwa shida. Macho yaliyozoea miaka thelathini hayageuki kwa Ijumaa chache. Baada ya majira ya machungwa kupita, aliitwa kwenye Torati. Watu walimpisha kama kawaida, wakaacha wazi nafasi yake ng'ambo ya meza. Hakuizunguka. Alisimama upande wa watu wote na kuanza. Neno. Kimya. Neno. Nusu ya neno. Salem mfinyanzi alianza kumnong'oneza, akaacha. Wazee walisubiri wakitazama sakafu, kwa kuwa walishamsikia mtu huyu huyu akisoma kama maji.

Mimi na Hamama tulikuwa nyuma ya pazia la wanawake. Mtoto alikuwa ameshika pazia kwa mikono miwili, paji la uso limeegemea kitambaa, akinong'ona bila kukoma.

"Zunguka, Baba. Baba, zunguka tu. Rudi upande wako."

Lakini sauti ile haikufika mezani. Yihya alifuta jasho, akatafuta neno lililofuata kwa kidole.