Mikanda ya Miguu ya Mama

Nilikwenda nikakaa katikati ya parachuti lao la kurushia abiria kutoka mlimani, mtoto nimembeba mgongoni. Lilikuwa limetandazwa kwenye majani, kamba zote zimenyooka, na rubani alikuwa anangoja upepo ukae sawa akimbie na mama yangu mpaka ukingoni mwa mlima. Chini kule Korogwe ilionekana mabati tu.

"Shemeji, toka hapo, utachana kitambaa!" rubani akapaza sauti.

"Kichanike."

Mume wangu akaja mbio. "Unaniaibisha kazini."

Nikamwambia akamwangalie mama mapajani. Hakwenda. Akatazama viatu vyake, nami nikajua nimeona sawasawa.

Mume wangu ndiye anayewafunga abiria mikanda. Alipopata kibarua hicho alikuja na seti nzima nyumbani kwetu Segera, akawa ananivalisha mimi sebuleni ajizoeze. Miguu kwanza, kifua mwisho. Alinieleza mwenyewe kwa nini: ukifunga kifua ukaacha miguu, abiria akisimama chini anaonekana kafungwa vizuri kabisa. Akishaacha ardhi anateleza kwa chini, anabaki ananing'inia kwa makwapa, na makwapa hayamshikilii mtu muda mrefu.

Mama alitoka Kwamsisi kwa ajili ya siku hiyo ya kuruka. Miaka yote analima mahindi, mlima anauona kwa mbali. Asubuhi nilimvalisha suruali ya michezo chini ya gauni, ili gauni likunjwe na mikanda ipite. Nilidhani nimemaliza. Sikufikiria kwamba anayekwenda kumfunga ni mkwe wake.

Kwetu mkwe haguswi. Mume wangu akikutana na mama njiani anampisha. Akimletea chai anaweka kikombe mezani, hampi mkononi. Sasa apenyeze mkono katikati ya miguu yake, mbele ya watu?

Basi alimfunga kifua huku anatazama pembeni, akalishusha gauni, akarudi nyuma. Rubani, ambaye muda wote alikuwa anajipiga video na simu, akauliza, "Tayari?"

"Tayari," mume wangu akajibu.

Yakaisha. Hakuna aliyeinama kuangalia. Mama mwenyewe alikuwa anacheka: "Nikianguka mnipeleke Kwamsisi, hapa Korogwe sina ndugu!" Watu wakacheka naye. Upepo ukalipeperusha gauni, nikaona kifungo cha mkanda wa mguu kinagonga goti lake. Kinacheza hewani kama kengele ya mbuzi.

Nilipokuwa nimekaa pale juu ya parachuti, rubani aliinua pindo la gauni, akaiona mikanda ya miguu inaning'inia. Halafu, badala ya kumfungua mama, akasema, "Haya, kosa dogo. Mfunge wewe shemeji, upepo bado mzuri."

Kosa dogo! Nilimfungua mama mwenyewe, kofia ngumu nikaitupa kwenye majani. Nikamshika mkono tukashuka mpaka barabarani.

Njiani mume wangu akaniambia, "Nilishindwa. Ni mama mkwe."

"Ungesema umeshindwa. Kwa nini ulisema tayari?"

Mimi nikaenda moja kwa moja ofisi ya kata.

Mtendaji alinisikiliza, akaweka kalamu chini. "Mama, haya si mambo ya ndani ya familia? Mumeo atapoteza kazi."

"Shikamoo yako nimeshakupa, mzee. Sasa andika."

Akaandika, nami namtajia:

"Mimi ni binti wa abiria na mke wa mfungaji. Leo mama yangu alikuwa arushwe kutoka mlimani bila kufungwa mikanda ya miguu. Mfungaji aliona haya kumgusa mkwe wake, akasema abiria yuko tayari. Rubani hakukagua kwa mkono wake, na baada ya kuona kosa alitaka kuruka vilevile. Naomba wasirushe mtu yeyote mpaka awepo mwanamke wa kuwafunga wanawake, na mpaka rubani awe anashika kila kifungo mwenyewe kabla ya kukimbia."

Akaniuliza kama maneno "mke wa mfungaji" ayafute.

Nikamwambia ayaache, nikatia sahihi.