Ugomvi wa Mashoga Tu

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huniacha nimechoka, kana kwamba ndiyo kwanza nimetoka ndani yake. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo, na nyumba yetu ya mtaa wa Mawaleh ilijaa watu. Wanaume walikuwa katika majlisi, chumba cha wageni, wakizungumza na wazazi wa mume wa dada yangu Asya. Nasema mume kwa kuwa milka, yaani ndoa yenyewe, ilikwisha fungwa. Iliyobaki ilikuwa harusi, na katika kipindi hicho, kama ujuavyo desturi yetu hapa Maskati, vijana huruhusiwa kutoka pamoja ili wajuane. Asya alimjua. Alijua kuwa kila jioni mwanamume huyo hutaka kuikagua simu yake, na kuwa siku Asya alipokataa kumpa alimvuta nywele ndani ya gari. Ami zangu waliposikia hilo hawakutaka kusikia la pili. Walidai talaka, na walikuwa na hakika wataipata.

Sisi wanawake, pamoja na Bibi, tulikaa chumba cha ndani tukisubiri jawabu. Mama alileta sinia ya halua na birika la kahawa. Alikuwepo pia rafiki yangu wa chuo, Rayya, msichana mrefu, mwenye mabega mapana na nywele alizozikata fupi. Alinyoosha mkono wa kushoto akachota halua.

"Rayya," mama akamwambia, "siku hizi huko chuoni mnafundishwa kula kwa kushoto?"

"Niwie radhi, mama. Wa kulia haushiki kitu."

Akautoa ndani ya mkono wa abaya. Vidole vilikuwa vimevimba na kuiva rangi ya zambarau.

"Umefanya nini?"

"Shoga yangu kanibania na mlango wa gari."

Hapa inanilazimu nieleze kidogo. Kwa wenzetu wa bara neno shoga lina maana nyingine, na mara nyingi ni tusi. Kwetu sisi wenye asili ya Unguja ni rafiki wa kike wa mwanamke. Ni neno jema, la kuitana jikoni na harusini. Aliyekusudiwa alikuwa Nasra, ambaye Rayya alikuwa akikaa naye chumba kimoja. Mimi nilijua, na bibi yangu nadhani alijua kabla yangu, kwamba wale wawili walipendana kwa namna ambayo neno shoga liliifunika vizuri sana.

Mama akacheka. "Nani, Nasra? Yule kijitu cha kubeba kwa vidole viwili? Na wewe jitu zima hilo ukamwacha?"

"Kesho utawaona wamevaa nguo sare," akasema mke wa Ami. "Ugomvi wa mashoga tu."

Chumba kizima kikacheka. Rayya naye akacheka, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kucheka mahali hapo hapo.

Bibi hakucheka. Aliweka kikombe chake chini.

"Kashakufanyia hivi kabla?"

"Kashafanya, Bibi."

"Na humzuii kwa nini?"

"Nikimshika mkono tu, atasema mimi ndiye nliyempiga. Nani atanisadiki mimi, na umbo hili? Mwenyewe huniambia, wewe ndiye dume, na dume halilii." Akaurudisha mkono ndani ya abaya. "Halafu ana picha zetu. Kasema nikimwacha atampelekea baba."

Kicheko kikaisha. Mama akaanza kuuliza picha gani hizo, Bibi akamkatiza.

"Mimi siulizi picha. Yaliyo baina yake na Mola wake atayamaliza na Mola wake. Mimi nnauliza mkono." Akatugeukia sote. "Kule nje wamekaa wanaume watu wazima, wamepiga vilemba kwa ajili ya nywele za Asya, na wamefanya vyema. Vidole vya huyu vina nani? Asya kaambiwa na mumewe anyamaze kwa kuwa ni mke. Huyu kaambiwa anyamaze kwa kuwa ni dume. Na nyinyi mkasaidia kumnyamazisha, mkaita ushoga, mkacheka."

"Nampenda, Bibi," Rayya akasema kwa sauti ndogo.

"Sikukuuliza hilo, mwanangu. Leo utalala hapa."

Hakulala. Nasra alipiga simu akilia, akasema yuko nje ya geti na kamletea chakula akipendacho. Rayya akafunga mtandio kwa mkono mmoja, akambusu Bibi, akatoka. Muda si muda Ami akaja na habari kuwa Asya kaachwa huru, na halua ikapitishwa tena. Nilimuuliza Bibi kwa nini hakumkataza Rayya. Akanijibu kuwa amri za mtu mwingine ndizo zilizomfikisha pale. Alichotaka ni ajue tu pa kurudi.

Rayya alirudi baada ya wiki chache, mchana, na begi lake. Hakuna aliyemuuliza neno. Mama ndiye aliyemtandikia. Bibi akavaa, akaenda naye kwa baba yake, akakaa na mzee yule kabla picha hazijafika. Picha zilifika. Baba yake hakumsemesha kwa muda mrefu, na hilo nalo ni jeraha ambalo siwezi kukuficha. Lakini hakumgusa, wala hakumrudisha kule.

Leo mimi ni mshauri wa wanafunzi, mwanangu, na ofisini kwangu Ijumaa ile bado haijawa historia. Huja msichana ambaye mchumba wake humtaka ampelekee picha ya kila mahali alipo. Huja kijana aliyekwaruzwa uso na mkewe wa milka, na hujicheka mwenyewe kabla sijasema kitu. Huja wasichana wawili, au wavulana wawili, na mmoja wao haoni neno la kuanzia. Karibu wote huanza kwa kumtetea anayewaumiza. Nachoka, nakiri, nachoka zaidi kwa sababu swali ninaloulizwa na watu wazima halijabadilika: mwanamume ni yupi hapo?

Usiulize hivyo. Anayeumizwa hana umbo maalumu, na anayeumiza vilevile. Ukipendwa na mtu, kisha ukawa unapima maneno yako kwa kumwogopa, usingoje lipatikane jina la jambo hilo. Ondoka, na mwambie mtu mmoja unayemwamini. Ukiwa wewe ndiye unayeinua mkono, usijifiche nyuma ya udogo wako, wala ya uanaume wako, wala ya wivu ulioupa jina la mapenzi. Uteremshe, ukatafute msaada. Na ukiwa wewe ndiye uliyeambiwa, angalia jeraha kwanza, na siri ya mwenzio uitunze kama ya kwako. Akirudi kule, usimfungie moyo. Wengi hurudi kabla hawajaondoka kweli.

Mwenyezi Mungu akupe wa kukupenda pasi na kukutisha, akuepushe na kuwa dhalimu na kudhulumiwa, na kila utakapokimbilia akujaalie upokewe kabla hujaulizwa. Amin.